Visanduku 256

Kazi hii huanza jioni, kwa sababu jua la mchana wa Isiolo linaishinda nguvu taa ya taimingi. Taa yenyewe ina umbo la bastola. Waya wake unaubana kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza, mdomo wake unauelekeza kwenye puli ya krenkshafti, na kila cheche inaporuka, taa inamweka mara moja. Puli inazunguka mara mia tisa kwa dakika, lakini machoni pako imetulia kama iliyofungwa kwa kamba, na mstari mweupe ulioupaka kwa rangi ya kucha unakaa mbele ya namba 10 kwenye kipimo cha chuma. Hapo ndipo unapogeukia laptopu iliyo juu ya kiti. Ikiwa nayo inasema 10, kazi inaweza kuanza.

Siku yangu ya kwanza laptopu ilisema 10 na puli ikasema 2. Nilizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Kompyuta iliamini kwamba inatoa cheche digrii 10 kabla pistoni haijafika juu, na chuma kilikuwa kinasema hapana, ni digrii 2. Katika ubishi wa namna hiyo chuma hakikosei. Kosa lilikuwa langu: gurudumu la meno nililolifunga mbele ya injini lilikuwa limekaa upande kwa kiasi cha upana wa kidole. Nilisahihisha namba moja tu kwenye programu, nikamulika tena, mstari na namba vikakutana. Lau ningeipuuza tofauti ile, yote niliyoandika kwa miezi iliyofuata yangesimama juu ya msingi wa uongo, na nisingejua kamwe kwa nini gari halina nguvu.

Gari lenyewe ni Hilux ya zamani, ya enzi za kabureta, iliyobeba mbuzi, mapipa ya maji na nusu ya ukoo wetu mpaka injini yake ikafa. Niliyoiweka mahali pake ni 1G-FE iliyotoka kwenye Toyota Mark II: petroli, silinda sita katika mstari mmoja, cc 1,988. Niliinunua Nairobi, Kirinyaga Road, ambako wengi bado hupaita Grogan. Kutengeneza vishikizo vya injini, kuoanisha gia, kukata na kurefusha shafti ya nyuma, hayo mafundi wa jua kali wa hapa Isiolo wanayafanya vizuri kuliko ninavyoweza kueleza, nami niliwaachia. Namba mpya ya injini ilienda kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ili iandikwe kwenye kitabu cha gari. Kilichobaki kilikuwa kompyuta.

Mji huu ni wa dizeli. Barabara ya kaskazini, kutoka hapa kupitia Archers Post, Laisamis na Marsabit hadi Moyale, ni kilomita kama 500, na kabla lami haijakamilika katika miaka ya 2010 ilikuwa mawimbi ya changarawe yaliyolegeza kila nati. Gari lililoitawala ni Land Cruiser yenye 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye pampu ya chuma kitupu isiyohitaji kompyuta hata chembe. Fundi anayeijua 1HZ anaweza kuifungua chini ya mgunga huko Merille, akairudisha, na safari ikaendelea. Kwa hiyo ukileta injini ya petroli yenye sensa kila upande, watu wanaitazama kama mgonjwa aliyeletwa hospitali bila cheti. Na yangu ilikuja bila cheti kweli. Waya zake zilikuwa zimekatwa kwa plaisi shingoni kabisa, na kompyuta iliyotoka nayo Japani hakuna aliyejua iliko. Hata ingepatikana, ingekuwa inaulizia gia ya otomatiki isiyokuwepo.

Nairobi wako watu wanaoijua kazi hii. Unapeleka gari, linafungwa juu ya mashine ya rola, jioni unarudi nyumbani na namba zimeshaandikwa. Siwadharau hata kidogo. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake si hii yetu, na injini ikigoma njiani kuelekea Merti, aliyeziandika zile namba yuko mbali na mtandao wa simu haupo. Nilitaka kuzijua mwenyewe, moja moja, na kujua kila moja imetoka wapi.

Kompyuta niliyoichagua inaitwa Speeduino. Aliyeianzisha ni Josh Stewart wa Australia, na michoro yake pamoja na programu yake viko wazi kwa yeyote kusoma, kubadili na kujiundia. Moyo wake ni Arduino Mega 2560, kibao kilekile ambacho wanafunzi hukitumia kuwasha taa na kuendesha vigari vya kuchezea. Kina mapigo milioni 16 kwa sekunde na kilobaiti 8 tu za kufanyia hesabu. Simu ya bei ya chini kabisa sokoni inakiacha mbali sana. Kabla yake, mwaka 2001, Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walikuwa wameanzisha MegaSquirt, na watu wa kawaida wakaanza kujengea injini kompyuta mezani kwao. Na wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch iliiweka D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600, na hiyo D ni ya neno la Kijerumani Druck, yaani presha. Walipima presha ya hewa inayoingia kwenye injini, wakakadiria mafuta kwa hiyo. Ndivyo ninavyofanya mimi chini ya mwarobaini.

Hesabu yake inanipendeza kila ninapoirudia. Ukijua presha ya hewa ndani ya manifoldi, ukajua joto lake na ukubwa wa silinda, unajua uzito wa hewa uliyonayo. Kila silinda ya 1G ina cc 331. Isiolo iko kama mita 1,100 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni kilopaskali 89 hivi, wakati Mombasa ni 101. Chukua mchana wa digrii 35, umekanyaga mafuta hadi mwisho, na silinda ikajaa kwa asilimia 80 ya nafasi yake. Hewa iliyoingia ina uzito unaozidi robo gramu kidogo tu. Ukitaka sehemu 13 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, silinda hiyo inadai miligramu 20 za petroli. Hilo ni kama nusu ya tone la maji. Nusu tone, mara 25 kwa sekunde katika kila silinda, injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, na nozeli haitakiwi kukosea.

Lakini ile asilimia 80 nimeitoa wapi? Hapo ndipo kazi yote ilipo. Hakuna kanuni itakayokupa namba hiyo. Inategemea sura ya valvu, urefu wa mabomba ya hewa, bomba la moshi ulilochomelewa na jirani, umri wa ringi za pistoni. Inabadilika mwendo unapobadilika na inabadilika mguu wako unapobadilika. Kwa hiyo kompyuta ina jedwali. Mistari 16 ya presha, safu 16 za mizunguko, jumla visanduku 256, na kila kisanduku kinauliza swali moja: injini hii, katika mwendo huu na presha hii, inavuta pumzi kiasi gani? Kompyuta haijui. Inajua kusoma kisanduku kwa haraka ajabu, basi. Anayetakiwa kukijaza ni mtu.

Kabla ya kujaza hata kimoja, nilihangaika na waya kwa wiki tatu, na sijutii siku hata moja kati ya hizo. Kila nilipowasha taa za mbele, skrini ilionyesha joto la injini likipanda digrii sita kwa ghafla. Taa haziwezi kuchemsha maji ya redieta. Nilifuata waya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka nikafika kwenye bolti moja ya bodi ambako waya wa ardhi wa sensa ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa ardhi wa taa. Umeme wa taa ulipokuwa ukirudi betri kupitia bolti ile, uliisukuma sensa, nayo ikasema isiyoyajua. Nilizitenga ardhi za sensa zote, nikazirudisha kwenye kompyuta yenyewe, mahali pamoja. Waya wa sensa inayohesabu meno ya gurudumu niliuvalisha kinga ya nyuzi za shaba ili kelele za koili zisiuingilie. Na viungo vyote nilivibana kwa koleo badala ya kuvichomea risasi, kwa sababu risasi huufanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na ukishaacha lami mtetemo huuvunja papo hapo.

Ilipowaka na kutulia, nilianza kuijaza mistari ya chini, ile ya injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Haikupendeza. Skrini ilionyesha presha ya 45 kwenye manifoldi, mngurumo ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayekohoa, na kila nilipoongeza mafuta ilitulia kidogo kisha ikarudia. Niliendelea kuongeza. Kwa majuma mawili nilijaza visanduku kama ishirini, nikavisugua na kuvisugua mpaka ikakubali kukaa.

Karibu na gereji tunayoitumia hupita mzee mmoja aliyetengeneza Land Rover tangu ujana wake, enzi ambapo gari lenye kabureta likipanda kutoka hapa kwenda Nanyuki lilianza kutoa moshi mweusi, kwa sababu hewa inapungua juu mlimani na kabureta haijui, inaendelea kumwaga mafuta yaleyale. Mafundi wa wakati ule walikuwa wakibadilisha jeti kwa ajili ya safari hiyo. Mzee huyo hakutazama skrini yangu. Alisalimia, akazunguka nyuma ya gari, akainama polepole na kuweka kiganja mbele ya bomba la moshi. Akakaa hivyo dakika nzima, kichwa kimeinama upande.

"Kijana, silinda moja inakula hewa ya wizi," akasema.

"Ya wizi vipi, mzee?"

"Hewa haikupita mlangoni. Nipe maji ya sabuni."

Alitaka chupa ya soda yenye kifuniko kilichotobolewa. Alidondosha maji ya povu kando ya gasketi ya manifoldi, tone kwa tone, kutoka silinda ya kwanza kwenda nyuma. Kwa ya kwanza hakuna kitu. Kwa ya pili hakuna kitu. Alipofika ya tatu, povu lilinyonywa ndani mbele ya macho yetu, mngurumo ukanyooka kwa sekunde mbili, na kwenye skrini presha ikashuka kutoka 45 hadi 38. Kisha povu likaisha na kikohozi kikarudi.

Tulibadilisha gasketi kesho yake. Presha ikatulia kwenye 33. Na vile visanduku ishirini nilivyovifanyia kazi kwa majuma mawili vyote vilikuwa vya kufuta. Nilikuwa nimeuandika ugonjwa wa gasketi kwenye daftari kana kwamba ndio tabia ya injini. Silinda tano zilikuwa zinamwagiwa mafuta zisiyoyahitaji ili kumfidia mwenzao mmoja aliyekuwa na njaa.

Sijapata somo kubwa kuliko hilo katika kazi hii. Laptopu inatoa uwezo wa kuficha kosa lolote. Nozeli imeziba, unaongeza namba. Plagi imechoka, unaongeza namba. Injini itaenda, hata vizuri kiasi, na utaondoka ukidhani umekuwa fundi. Fundi ninayemstahi ni yule anayeiona namba ya ajabu akakataa kuiandika mpaka ajue imetoka wapi. Na jedwali lenyewe linamsaidia anayetaka kusaidiwa. Ukilichora kwa sura, injini nzima huwa na mfano wa kilima: inapanda polepole kutoka mizunguko ya chini, inafika kilele pale injini inapovuta vizuri zaidi, kisha inateremka. Kilima cha kweli hakina shimo la ghafla wala mwiba. Ukiona kisanduku kimoja kimechomoza kati ya majirani zake, usikimbilie kukisawazisha kwa macho. Nenda kaangalie chuma.

Barabara ya Archers Post ndiyo darasa letu la pili. Ni kilomita thelathini na kitu, lami nzuri, sehemu kubwa imenyooka, na asubuhi kabla ya saa moja hakuna upepo. Mimi huendesha, mpwa wangu hukaa na laptopu mapajani. Amemaliza Kidato cha Nne na ana macho ya kuhesabu. Mimi nikiwa na gari na namba kwa wakati mmoja ningelitia mtaroni. Ndani ya bomba la moshi tumefunga sensa ya oksijeni ya masafa mapana, Bosch LSU 4.9, inayopima kilichobaki baada ya moto na kusema uwiano halisi wa hewa na mafuta. Ukiwa safarini kwa mwendo wa kawaida unataka iseme karibu na 14.7, kiasi ambacho hewa yote na petroli yote vinatumiana bila kimoja kubaki.

Kwenye skrini kuna alama ndogo inayotembea juu ya jedwali, ikionyesha injini iko kisanduku gani sasa hivi. Kazi ya dereva ni kuiweka alama katikati ya kisanduku na kuishikilia hapo. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Mguu ukitetemeka kidogo, alama inahamia kwa jirani. Tena moshi unachukua muda kufika kwenye sensa, kwa hiyo unachokisoma sasa kilitokea kitambo kidogo, na ukihama mapema utamlaumu jirani kwa kosa la mwingine.

"Mjomba, shika hapo hapo. Usiongeze."

"Nimeshika."

"Umeondoka. Rudi kidogo. Hapo. Inasema 15.6."

"Ongeza asilimia sita."

"Nimeongeza. Ngoja... 14.8. Nimehifadhi. Twende cha pili."

Mara ngamia wanavuka, unakanyaga breki, unaanza upya. Mara lori la Moyale liko mbele na huwezi kulipita. Asubuhi njema tulikuwa tukirudi na visanduku tisa. Programu tunayoitumia, TunerStudio, ukiilipia inaweza kujijazia jedwali yenyewe gari likiendeshwa, na nina hakika inafanya vizuri. Nitaitumia siku moja. Lakini kwanza nilitaka mguu wangu na sikio langu vijue kila kisanduku kina hisia gani, na kwamba 15.6 ina mlegeo fulani kwenye kiti, kama gari linalovutwa nyuma na kamba ya mpira, ambao 14.8 hauna. Sasa ninausikia kabla mpwa wangu hajasema.

Mistari ya juu kabisa ya jedwali, ile ya kukanyaga hadi mwisho, ina hatari yake. Hapo unataka mafuta zaidi, 12.8 au 13, na swali linahamia kwenye cheche. Ukiiwahisha cheche, moto unapata muda wa kukua na kuisukuma pistoni kwa wakati wake. Ukiiwahisha mno, mchanganyiko unalipuka wenyewe pembeni mwa silinda, na injini inagonga. Katika mizunguko 3,000 krenkshafti inapita digrii 18 katika elfu moja ya sekunde, kwa hiyo digrii mbili ninazobishana nazo ni muda mfupi kuliko ninavyoweza kuufikiria. Ila sikio linazijua. Tulichukua mrija wa shaba, ncha yake tukaiponda na kuibana chini ya bolti ya bloku, upande mwingine tukauunganisha na mpira unaofika dirishani hadi kwenye kinga za masikio. Mngurumo unakuja mzito na wa mbali. Mlio wa kugonga unakuja kama changarawe iliyotupwa kwenye bati. Ukiusikia mara moja, unainua mguu, unarudisha digrii mbili, na huongezi tena hata kama marafiki wanasema kuna nguvu zaidi huko juu.

Siku moja mlio huo ulikuja mahali ambapo juma lililotangulia hapakuwa na kitu, namba zilezile, hali ya hewa ileile. Nilikumbuka gasketi, nikajizuia kugusa jedwali. Tulichunguza chuma chote, kikawa kizima. Tanki ndilo lililokuwa na kitu kipya, petroli ya kituo kimoja njiani. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, uwezo wake wa kustahimili mgandamizo unashuka, injini inagonga. Mchezo huo ulikuwa umeenea Kenya kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Tulinyonya tanki, tukajaza upya, changarawe ikanyamaza. Baada ya hapo nilipunguza digrii moja na nusu kwenye mistari yote ya juu na kuiacha hivyo. Gari la kaskazini haliwezi kuchagua kituo.

Yule mzee alipita tena baada ya siku ile. Nilitoa plagi ya silinda ya tatu ikiwa bado ya moto, nikampa kwa kitambaa. Aliigeuza kwenye mwanga wa jioni, akaangalia kaure nyeupe ndani ya mdomo wake. Ilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Hakusema kitu. Aliirudisha kwenye tundu lake kwa mkono wake mwenyewe, akiizungusha kwa vidole mpaka ikashika, kama anavyofanya ili nyuzi zisiharibike, kisha akaomba aone ile nyingine, na nyingine, mpaka zote sita. Wakati anazitazama, nilimfungulia jedwali na kumwambia visanduku vile vinabeba nini. Akauliza kilichopo kwenye mwendo wa kupanda mlima. Nikamwonyesha. Akauliza kwa nini kile cha pembeni ni kikubwa kuliko jirani zake. Nilikitazama, na sikuwa na jibu. Kesho yake tuligundua nilikuwa nimekishika kwenye mteremko.

Sehemu ambayo bado haijaisha ni ya baridi. Injini baridi inahitaji mafuta ya ziada, kwa sababu petroli inajibandika kwenye kuta za chuma badala ya kugeuka mvuke, na kiasi cha ziada kinategemea joto. Kuna jedwali lake dogo, kutoka chini ya sifuri hadi joto la kazi. Shida ni kwamba baridi hairudiwi. Kisanduku cha barabarani unaweza kukijaribu mara kumi kwa asubuhi moja. Injini ikishawaka, baridi yake imekwenda, na itarudi baada ya usiku mzima. Jaribio moja kwa siku. Na alfajiri ya Isiolo kipimo changu mara chache kimeshuka chini ya 18, kwa hiyo nusu ya jedwali lile siwezi kuifikia nikiwa nyumbani.

Ndiyo sababu tumelala Timau mara nne sasa. Unaacha joto la Isiolo alasiri, unapanda ubavu wa Mlima Kenya, na kwenye skrini unaona presha ya hewa ikipungua kadiri barabara inavyopanda, 89, 85, 81, mpaka 77, kwa utulivu, bila moshi mweusi nyuma, kompyuta ikipunguza petroli kidogo kidogo kwa kila mita. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilisimamisha gari pembeni ya shamba la ngano ili nilitazame tu.

Mara ya nne tuliamka saa kumi na moja. Kioo cha mbele kilikuwa na ukungu wa maji, na pumzi zetu zilionekana. Mpwa wangu alifungua laptopu akiwa amejifunika shuka la Kimasai.

"Digrii nane, mjomba."

Hatukuwahi kupata nane. Niligusa stata. Iliwaka, ikanguruma kwa sekunde tatu, ikazimika. Nilitaka kupiga tena, mkono ulikuwa tayari kwenye ufunguo, lakini sekunde tatu zile zilikuwa zimeshamwagia kuta za chuma petroli, na jaribio la pili lisingekuwa la injini ileile. Mpwa wangu aliandika kwenye daftari la karatasi tarehe, nane, sekunde tatu, kiasi cha ziada tulichokuwa tumeweka, na akaongeza asilimia tano kwenye kisanduku cha digrii kumi na asilimia saba kwenye cha sifuri. Akahifadhi. Tukafunga boneti, tukavuka barabara kwenda kutafuta chai, tukamwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba tutalala usiku mmoja zaidi.